Biogesi ya mkonge: kwa nini mtambo usipokorogwa gesi hupungua

Hale, wilayani Korogwe, ndiko Katani Ltd walikojenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge, kwa msaada wa UNIDO. Malighafi ipo tele: katika kilo 100 za majani, singa ni kama kilo 4 tu.

Shida ni nyuzi. Zinaelea, zinashikana, zinakuwa gamba gumu juu ya tope. Gesi inanasa chini, bakteria wanakosa chakula kipya. Ndiyo maana mabaki hukatwakatwa kwanza, kisha hukorogwa kwa vipindi. Kukoroga muda wote nako kunavuruga bakteria na kula umeme.

Mfugaji wa Handeni mwenye mtambo mdogo wa nyumbani hana mota. Kazi yake inaanzia nje: kinyesi na maji nusu kwa nusu, akitoa majani na mchanga kabla ya kumimina. Maji Handeni si mchezo, lakini mkojo wa ng'ombe unaweza kuziba sehemu ya pengo. Gesi ikipungua, asukume mti mrefu kupitia bomba la kuingizia. Asiingie ndani kamwe. Hewa ya humo inaua.