Umerudi, au Umekuja?

Jina la kwetu Kongwa nililiona ndani ya kitabu cha historia kwa mara ya kwanza nikiwa Ohio, Marekani, usiku, katika maktaba ya chuo kimoja kidogo ambacho jina lake halina faida hapa. Ilikuwa Novemba 2015. Nilikuwa nimetoka jikoni, maana kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo katika bwalo la wanafunzi, na mikono ilikuwa bado inanuka sabuni. Mwalimu alitaka insha ya kurasa kumi kuhusu Afrika, nami nikachukua kitabu cha vita vya ukombozi wa Msumbiji kwa sababu moja tu: kilikuwa chembamba kuliko vingine. Nikafungua nyuma, kwenye orodha ya majina. Kongwa. Nikasoma tena. Kongwa hii hii ya upepo na vumbi, ambayo ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unakata kulia pale Mbande!

Ndugu msomaji, usicheke. Nilikuwa nimekaa pale miezi mitatu bila kulisikia jina hilo kinywani mwa mtu yeyote isipokuwa mimi mwenyewe. Nikiulizwa natoka wapi nilikuwa nasema Tanzania, na wakikunja uso naongeza "karibu na Kenya", jambo ambalo kwa Mgogo ni uongo wa kutosha. Mwenzangu wa chumba alikuwa kijana mwema. Asubuhi alikuwa ananiuliza hali, na kabla sijajibu yuko mlangoni. Wiki ya kwanza nilikuwa namfuata hadi kwenye korido ili nimalizie jibu. Kwetu salamu ni shughuli: mbukwenyi, kisha watoto, ng'ombe, mvua. Kule nikaja kuelewa kwamba swali lile halikuwa swali.

Bwalo ndilo lililonitesa zaidi, wala si kwa kazi. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zangu zote zilikuwa pale kwenye mkanda unaoleta sahani chafu. Nasema chafu, lakini nyingine zilikuwa na kipande kizima cha kuku, mkate haujaguswa. Kazi yangu ilikuwa kukung'uta vyote hivyo kwenye pipa. Nyumbani ukame ukipiga tunajua nani amekula na nani amelala na uji wa uwele. Babu alikuwa ameuza ng'ombe wawili nipate nauli na viza, na majirani wakachanga. Kila sahani niliyoikung'uta nilikuwa naigeuza kuwa sehemu ya ng'ombe: hili paja, huu mkia. Wazungu walioniona nimenyamaza wakadhani nimekumbuka nyumbani. Kweli nilikumbuka, lakini si vile walivyofikiri.

Basi kile kitabu nikakisoma hadi taa za maktaba zikazimwa.

Nielezee kwanza Kongwa yenyewe, kwa sababu hata vijana wetu hawaijui. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mradi wa karanga. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kula ni haba, wakaona hii nyika ya Wagogo ingelimwa kwa matrekta. Walijenga reli ya kutoka Msagali, nyumba, hospitali, hata shule ya watoto wao wazungu. Mvua haikuja walivyopanga, udongo ukiwa mkavu ulikuwa unakuwa mgumu kama saruji, matrekta yakafa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukazikwa, na pauni milioni 36 hivi zikaenda nao. Baba yake babu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki. Alikuwa akisema, eti wangemuuliza mwanamke yeyote wa Kigogo angewaambia mvua yetu ikoje, bila kudai hata senti.

Yale magofu ndiyo yaliyopata wageni wengine mwaka 1964. Serikali ya Tanzania, kwa niaba ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliwapa wapigania uhuru mahali pa kukaa: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola na ZAPU wa Zimbabwe, kila chama na eneo lake. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa askari, alirudi kutoka mafunzoni Algeria na kuongoza kambi ya FRELIMO hapo. Chris Hani naye aliishi Kongwa. Babu yangu alikuwa kijana wa miaka kama 14 na alikuwa anapeleka maziwa kambini. Kongwa kila mzee atakuambia amekula na Samora. Babu alikataa. "Mimi nilikuwa naangalia chupa zangu," alisema, "sura za watu sikuzishika." Anachokumbuka ni kwamba kikundi kimoja kilihamishiwa Nachingwea bila kumlipa chupa tatu.

Sasa, kiongozi wa hao vijana wa FRELIMO alikuwa nani? Hapo ndipo kitabu kilinishika shingo. Alikuwa Eduardo Mondlane, na chuo chake kilikuwa Oberlin, Ohio. Mwendo wa saa moja kwa gari kutoka pale nilipokuwa naosha sahani.

Alizaliwa mwaka 1920 huko Gaza, kusini mwa Msumbiji, na utotoni alichunga mifugo kama mtoto yeyote wa Kongwa. Shule za Wareno kwa Mwafrika zilikuwa finyu, kwa hiyo alisoma kwa kuhangaika hadi akafika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Mwaka 1950 akaenda Lisbon, ambako alikutana na vijana wenzake Agostinho Neto na Amilcar Cabral. Polisi wa Ureno hawakumpa nafasi ya kupumua. Mwaka 1951 akapata msaada wa masomo na kuvuka bahari kwenda Oberlin. Alikuwa na miaka 31, darasani na watoto wa miaka 20.

Oberlin nilikwenda mwenyewe, Machi 2016, kwa lifti ya mwalimu wangu. Mji ni mdogo, katikati kuna uwanja mpana wenye miti, na theluji ilikuwa inayeyuka na kuwa tope. Chuo kilianzishwa 1833, na tangu 1835 kimepokea wanafunzi weusi, wakati watumwa walikuwa bado wananunuliwa kusini mwa nchi hiyo hiyo. Waliotoroka utumwani walikuwa wanafichwa katika mji huo. Nilijaribu kumwona Mondlane akikatiza pale katika baridi. Sikumwona. Nilichoona ni wanafunzi wenye haraka, na nikajiuliza kama naye alipoulizwa anatoka wapi alikuwa anasema "karibu na Afrika Kusini".

Lakini tunajua hakukaa kimya. Makanisa na kambi za vijana zilikuwa zinamwalika azungumze juu ya Afrika, naye alikuwa anakwenda. Mwaka huo wa 1951, katika kambi moja ya kanisa huko Wisconsin, alikutana na msichana Janet Johnson, ambaye walioana 1956. Alimaliza Oberlin 1953, akaingia Northwestern, karibu na Chicago, akapata udaktari wa falsafa 1960. Akafanya kazi Umoja wa Mataifa, New York, tangu 1957. Kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam, Juni 1962, akachaguliwa rais. Mwaka 1963 akaacha ualimu wa Marekani, akahamia Dar es Salaam na Janet akaja kuongoza Taasisi ya Msumbiji, shule ya wakimbizi vijana.

Hesabu miaka, msomaji. Kutoka 1951 hadi 1963 ni miaka kumi na miwili. Hesabu hiyo ina maana katika yanayofuata.

Vita vilianza Septemba 1964. Wakati vijana wa Kongwa wanakwenda kuvuka Ruvuma na bunduki, vijana wengine wa Msumbiji walikuwa wamekwishapelekwa vyuoni Marekani na Ulaya kwa misaada ya masomo. Makubaliano yalikuwa kwamba watarudi kutumikia mapambano. Miaka ikapita. Mwishoni mwa 1967 Mondlane aliandika waraka juu ya wale walioko Marekani, akilalamika kwamba wengi wakimaliza digrii moja wanatafuta nyingine, na kurudi hawarudi. Mwaka 1968 wao wakajibu kwa waraka wao, wenye maneno makali: kwamba mapinduzi yamesalitiwa, na wa kulaumiwa ni uongozi, naye Mondlane mwenyewe. Machi mwaka huo vurugu zikalipuka katika Taasisi ya Dar es Salaam, maana hata wanafunzi wa pale hawakutaka kukatiza shule wakashike silaha, na sekondari ikafungwa.

Vitabu vingi vinawapita wanafunzi hao haraka, kama watu waliokwepa vita. Mimi nilishindwa kuwapita, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti chao. Niseme wazi ninavyoona. Mondlane alikuwa na haki: askari wa Kongwa hakupata hata nafasi ya kumaliza darasa la saba, halafu mwenzake aliyesomeshwa kwa jina la taifa lile lile anaahirisha kurudi mwaka baada ya mwaka. Lakini wale nao walikuwa na jambo. Mtu aliyewaambia digrii moja inatosha alikuwa na tatu. Hilo halimfanyi mwongo. Linaonyesha tu kwamba yeye aliondoka Marekani akiwa na miaka 43, ameshakuwa mtu kamili, na wao walitakiwa kuondoka wakiwa na 24.

Suala lenyewe halikuwa la Wamsumbiji peke yao. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara. Mwalimu Nyerere akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi minne baadaye likaja Azimio la Arusha. Katika miaka hiyo msomi alikuwa anaonekana kama mtu aliyekula chakula cha kijiji kizima ili apate nguvu ya kwenda kukileta kingine. Mwalimu mwenyewe alipenda kuwafananisha hivyo.

Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa katika kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Kitabu alichokiandika yeye, juu ya mapambano ya Msumbiji, kilitoka mwaka huo huo naye hayupo. Msumbiji ilipata uhuru 1975. Wale wanafunzi wa Marekani, wengine walirudi, wengine wamezeekea huko.

Julai 2018 nilipata likizo nikaja Kongwa. Nilimkuta babu chini ya mbuyu, anasuka kamba. Nikaamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia viatu, akauliza: "Umerudi, au umekuja?"

Nikasema nimekuja, babu, bado mwaka mmoja. Akasema haya, akanionyesha ndama wa yule ng'ombe ambaye hakuuzwa. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, nikala mpaka bibi akacheka. Nilimweleza babu habari ya Mondlane na ule waraka. Hakuwahi kujua kwamba mkubwa wa wale wanywa maziwa alikuwa amesoma Marekani. Alifikiri kidogo, akauliza kama hao waliogoma kurudi kuna aliyekwenda kuwafuata. Nikasema hapana, waliandikiwa barua. "Mtu haitwi kwa barua," akasema, akarudi kwenye kamba yake.

Mwaka 2019 nilimaliza. Kabla ya hapo chuo kingine kilikuwa kimenipa nafasi ya digrii ya pili, na vyuo vya kule vinataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Niliandika ndiyo tarehe 12. Nisikudanganye kwamba nilikesha: nilipenda masomo, nilipenda maktaba inayofunguliwa usiku, na nilikuwa nimeshazoea swali la asubuhi lisilotaka jibu. Nilimpigia babu simu. Mtandao wa Kongwa ulikuwa unakatika, akasikia nusu, akasema sawa.

Nilirudi Agosti 2021, na mizigo yangu yote. Babu alikuwa amezikwa tangu Februari. Nilisikiliza mazishi kwa simu ya binamu yangu, upepo mwingi kuliko maneno. Nilishukia Mbande, nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Watu walitoka, tukasalimiana, ng'ombe, mvua. Bibi akanimiminia maji ya kunawa, akaniambia nikae. Lile swali safari hii hakuna aliyeniuliza.