Keki ni ya nani, picha ni ya nani?

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie keki. Usicheke! Mwokaji anayefanya kazi jikoni kwake na mpiga picha anayezunguka na kamera begani ni watu wawili ambao teknolojia imewasukuma kwenye biashara moja, kisha ikawaachia swali ambalo haijalijibu: ile picha nzuri ya keki ni mali ya nani? Tukitaka kuelewa swali hilo lilitoka wapi, lazima turudi nyuma.

Tuanze na enzi za filamu. Mwaka 1934 Kodak walianza kuuza filamu ya milimita 35 iliyofungwa tayari ndani ya kikopo chake, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado ndiyo filamu ya wengi. Mkanda mmoja ulitoa picha 36 hivi. Kwa hiyo mpiga picha wa harusi alibonyeza huku akihesabu. Keki ilibahatika kupata picha moja au mbili, na hata hizo zilikuwa za maharusi walioshika kisu. Ufundi wa aisingi haukuwa na mtu wa kuupigia picha. Filamu ilipelekwa kusafishwa, na negativu zikabaki kwa mpiga picha. Ukitaka nakala unamfuata na pesa mkononi. Mama aliyeoka keki, pengine kwenye sufuria yenye makaa juu ya kifuniko, tangazo lake lilikuwa midomo ya walioila.

Hapa kuna jambo la kushika. Negativu ilikuwa kama ufunguo wa ghala. Hata mtu ambaye hajawahi kusoma sheria alijua kwamba bila negativu hakuna nakala safi. Mwokaji aliyetaka albamu ya keki zake alilazimika kuelewana na mwenye negativu, tena mapema.

Kisha ikaja dijitali. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza kamera iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti. Si chombo cha kwenda nacho harusini! Lakini wazo lilikuwa limezaliwa: picha bila negativu. Mwaka 1992 mfumo wa JPEG ukaidhinishwa, na faili za picha zikawa ndogo kiasi cha kutumika kwa urahisi. Nakala ya faili ni sawasawa na faili yenyewe, na kunakili hakugharimu chochote. Ufunguo wa ghala ukawa hauna kazi, na wengi hatukuona ukidondoka.

Hapa Kenya mambo yalikuja kwa mfululizo. Mwaka 2006 Facebook ilifungua milango kwa umma. Mwaka 2007 Safaricom wakaanzisha M-Pesa, na mwokaji akaweza kupokea malipo ya awali kutoka kwa mteja ambaye hajawahi kuonana naye. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Instagram ilianza mwaka 2010 kwenye iPhone tu. Aprili 2012 ilipofika kwenye Android, ndipo Mkenya wa kawaida mwenye rununu yake akaingia. Sasa mteja alianza kula keki kwa macho kabla ya kuagiza. Keki tamu yenye picha ya giza ilishindwa na keki ya wastani iliyopigwa karibu na dirisha.

Machi 2020 korona ikathibitishwa nchini, mikusanyiko ikapigwa marufuku na harusi kubwa zikasimama. Mpiga picha alikosa harusi, mwokaji naye akabaki na keki ndogo za kupeleka nyumbani. Hali kama hiyo huzaa mapatano ya haraka: nipigie picha, nikupe keki, nitangazie wateja wako, nami nitakutangazia wangu. Mkono mtupu haulambwi, na hapa kila mmoja alikuwa na cha kutoa. Mapatano ni mazuri. Tatizo ni kwamba mengi hufanywa kwa mdomo.

Sasa sikiliza sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaanzia kwa aliyetengeneza kazi, yaani mpiga picha. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, haki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Fikiria maana yake. Picha za harusi ziliagizwa na maharusi. Basi picha ya keki inayogombaniwa na mwokaji na mpiga picha huenda si ya yeyote kati yao! Na pale keki ilipobadilishwa kwa picha bila pesa, ni nani aliagiza nini? Kila mmoja atakuwa na hadithi yake. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019: picha ya mtoto anayezima mishumaa inahitaji idhini ya mzazi kabla ya kuwa tangazo.

Je, tarakilishi haiwezi kutusaidia? Kidogo. Tangu mwaka 1995 kuna kanuni iitwayo Exif, inayoweka ndani ya faili aina ya kamera, saa na hata jina la mpiga picha. Lakini ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na habari hizo hufutwa. Ukituma kama hati, faili hufika nzima. Hata hivyo, jina ndani ya faili huonyesha nani alipiga tu, halisemi mlikubaliana nini.

Kwa hiyo rudisheni ufunguo wa ghala kwa maandishi. Kabla unga haujachekechwa, tumianeni ujumbe wenye mambo manne: picha ni za nani, nani anaruhusiwa kuzitumia, wapi na kwa muda gani, majina ya wote wawili yatatajwa vipi, na mteja akija kupitia picha hiyo, nani analipwa kiasi gani. Mwenzako ajibu kwamba amekubali. Kama ni kazi ya harusi au ya mtoto, ombeni idhini ya wenye sherehe pia. Ni dakika tano tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa na Instagram, lakini walijua biashara. Tuonane tena.