King K. Rool: Mamba katili aliyerejea ulingoni baada ya miaka 10

KATIKA ngano, fisi huaibishwa na sungura usiku huu, kisha kesho yake msimulizi akamfufua pasipo kumwomba mtu ruhusa. Mhusika mbaya wa mchezo wa video hana bahati hiyo. Yeye ni mali ya kampuni, na kurejea kwake hutegemea mikataba na nia ya wenye hakimiliki kuliko nguvu za shujaa aliyemshinda.

Mfano ulio wazi ni King K. Rool, mamba mnene mwenye taji kichwani, joho jekundu na jicho moja lililotuna. Alikuwa adui mkuu wa sokwe Donkey Kong katika miaka ya 1990, akatoweka mwaka 2008, kisha akaibuka mwaka 2018 katika mchezo wa mapigano ambao haukuwa wake.

Chimbuko lake

K. Rool alionekana kwa mara ya kwanza Novemba 1994 katika Donkey Kong Country, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Rare ya Twycross, Uingereza, kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo. Jina lake, likitamkwa kwa Kiingereza, husikika kama neno lenye maana ya katili. Akiongoza jeshi la mamba, aliiba akiba ya ndizi ya Donkey Kong, naye sokwe akafunga safari na mwenzake mdogo, Diddy Kong, kwenda kuikomboa.

Mchezo huo uliuza zaidi ya nakala milioni 9. Wengi walioucheza hawajasahau pambano la mwisho, lililofanyika juu ya merikebu. Mamba alirusha taji lake kama silaha, akapigwa, akaanguka. Orodha ya majina ikaanza kupita kwenye skrini kana kwamba mchezo umekwisha. Ilikuwa hila: mamba akainuka na pambano likaendelea.

Kila aliporejea alibadili sura. Mwaka 1995 alikuwa nahodha wa maharamia mwenye gobori. Mwaka 1996 alikuja kama mwanasayansi aliyevaa rafadha mgongoni. Mwaka 1999, katika Donkey Kong 64, alipanda ulingoni na glavu za ndondi.

Mauzo ya mwaka 2002

Septemba 2002, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliinunua Rare kwa dola milioni 375. Hadi wakati huo, Nintendo ya Japani ilikuwa na hisa katika Rare, nayo ikaziuza. Wahusika wakagawanywa mithili ya mali ya wanandoa waliotalikiana. Dubu Banjo na ndege Kazooie, waliobuniwa na Rare yenyewe, walihamia Microsoft. Donkey Kong, aliyekuwa mali ya Nintendo tangu 1981, alibaki, na mamba akabaki pamoja naye.

Kisheria, basi, hapakuwa na kizuizi. Hata hivyo, K. Rool alipewa nafasi katika michezo midogo ya mwaka 2005 na 2007, kisha akaonekana katika mchezo wa besiboli wa Mario mwaka 2008. Baada ya hapo, kimya. Kampuni ya Retro Studios ya Texas ilipoufufua mfululizo wa Donkey Kong Country mwaka 2010, maadui walikuwa vinyago vyenye uhai. Mwaka 2014 walikuwa wanyama wavamizi kutoka nchi za barafu. Hakimiliki ilikuwapo kabatini. Aliyekosekana ni mtu wa kuitumia.

Ulingo wa wahusika wa kale

Mlango ulifunguka kwingineko. Super Smash Bros., mfululizo ulioanzishwa na Masahiro Sakurai mwaka 1999, huwakutanisha wahusika wa michezo mbalimbali katika ulingo mmoja. Mshindi hupatikana kwa kumtupa mpinzani nje ya jukwaa. Kadiri mtu anavyopigwa, ndivyo anavyorushwa mbali zaidi. Donkey Kong alikuwamo tangu toleo la kwanza, lakini kwa karibu miongo miwili adui wake hakuwa miongoni mwa wapiganaji.

Mwaka 2015 mamba aliletwa kama vazi tu, la kuvalishwa kikaragosi kinachobuniwa na mchezaji mwenyewe. Kwa mashabiki wengi, hiyo ilikuwa dalili ya kufungiwa mlango. Mwaka huohuo Nintendo iliwaalika wachezaji kupendekeza wapiganaji kupitia intaneti, na mashabiki wa K. Rool wakajitokeza kumpigia debe.

Tarehe 8 Agosti 2018 jibu likatolewa kwa mzaha. Katika filamu fupi ya matangazo, kivuli chenye taji kilipita dirishani mwa nyumba ya Donkey Kong. Kumbe alikuwa mhusika mwingine, King Dedede, akiigiza na kucheka. Papo hapo mamba halisi akatokea na kumtwanga. Mchezo wenyewe, Super Smash Bros. Ultimate, ulitoka tarehe 7 Desemba 2018 na umeuza zaidi ya nakala milioni 30.

Mapigo aliyopewa ni historia yake kwa ufupi: taji la kurushwa la mwaka 1994, gobori la 1995, rafadha ya 1996 na glavu za 1999. Kijana asiyewahi kuiona mashine ya Super Nintendo hujifunza yote hayo kwa kupigwa nayo.

Septemba 2019, kwa idhini ya Microsoft, Banjo na Kazooie nao wakaingia katika ulingo uleule. Waliotenganishwa na mauzo ya 2002 wakakutana tena, japo kwa kupigana.

Hapa ndipo thamani ya mwaliko kama huo inapoonekana. Kuonekana kidogo katika mchezo wa wengine humrejesha mhusika machoni pa umma na kumkumbusha mwenye mali kwamba bado ana wateja. Mwaka 2025 Nintendo ilitoa Donkey Kong Bananza. Wachezaji waliodhani wamekwisha kumshinda adui mkuu waligundua kuna mwingine nyuma yake: King K. Rool, kwa hila ileile ya kungoja hadi adhaniwe hayupo.