Ploti: Ardhi, Jengo na Msuko katika Thika na Ruiru

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapotaja ploti, wenzake huelewa mpangilio wa matukio ya hadithi. Dalali wa Ruiru anapoitaja, msikilizaji huuliza ukubwa wake na iwapo ina hatimiliki. Tofauti hii hudhaniwa kuwa ajali ya ukopaji. Historia haiafiki dhana hiyo.

Katika Kiingereza, maana ya kipande cha ardhi ndiyo kongwe. Kufikia mwisho wa karne ya 16 neno lilikuwa limekwisha kubeba pia maana ya ramani, mpango na njama, na maana ya kifasihi ikachipuka humo. Forster, katika Aspects of the Novel (1927), aliitofautisha ploti na hadithi kwa kigezo cha usababishi. Ardhi yenyewe ilikwisha sahauliwa.

Thika na Ruiru haikusahaulika. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999, na maeneo haya yakatandazwa mikahawa na mikonge. Baada ya uhuru wa 1963, kampuni na vyama vya ushirika vilinunua baadhi ya mashamba hayo, vikayakatakata na kuwagawia wanahisa. Shamba la mlowezi likazaa ploti. Kisha katika ploti vikajengwa vyumba vya kupangisha, na neno likahama kutoka udongo hadi jengo. Mpangaji asiyemiliki hata futi moja ya ardhi husema "ploti yetu". Umiliki huo ni wa kisarufi tu. Nao si wachache: sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 490,120 mjini Ruiru. Vijana wanaoulizana "ploti ni gani?" huulizia mpango wa jioni, na bila kujua wako karibu na karne ya 16 kuliko dalali.

Wahakiki wanaopendelea "msuko" wana istilahi nzuri, yenye harufu ya ukili na mkeka. Hata hivyo, msuko huunganisha, ilhali ploti hukata na kuweka mpaka. Katika Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, benki inalinadi shamba la Nyakinyua kwa sababu ya mkopo, naye Wanja anauza biashara yake ili alikomboe. Mkondo wa maisha yake, na wa riwaya, unageuka papo hapo mpakani mwa shamba.