Kifo cha Ndola na Haki ya Kuuliza

Historia ya Afrika iliyoandikwa na watawala wa kikoloni ina tabia moja. Huhifadhi majina ya wakubwa waliokufa, na huyatupa maneno ya wanyonge walioona. Katika makala haya tutachunguza mfano mmoja wa tabia hiyo, nao ni kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyeanguka na ndege karibu na Ndola, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961. Je, ilikuwa ajali au aliuawa? Swali hilo lilitangazwa kuwa limekwisha, na kwa miaka mingi serikali kubwa ziliridhika nalo hivyo. Waliokataa kuridhika ni watu wachache wasio na vyeo, waliofanya utafiti kwa muda wao na kwa fedha zao. Juu ya kazi yao, ubishi wao na makosa yao, lipo fundisho kwa kada na kwa mwanafunzi.

Hali halisi ya Katanga

Hatuwezi kulielewa tukio la Ndola bila kuelewa kwanza mali iliyokuwa ikigombewa. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku kumi na moja baadaye, Julai 11, Moise Tshombe alitangaza kuwa jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ndiyo iliyokuwa na shaba, kobalti na urani. Kutoka mgodi wa Shinkolobwe ilitoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945. Kampuni ya Union Minière ilichimba utajiri huo na kulipa kodi yake kwa Tshombe. Kwa fedha za namna hiyo Katanga ilijenga jeshi lililoongozwa na maofisa wa Kibelgiji na kusaidiwa na mamluki kutoka Ulaya na kusini mwa Afrika. Mpakani upande wa kusini lilikuwapo Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, chini ya Waziri Mkuu Roy Welensky, ambaye hakuficha kuwa anamwunga mkono Tshombe.

Ni katika Katanga hiyo hiyo ndimo Patrice Lumumba alimouawa Januari 17, 1961. Wazalendo wengi wa Afrika walimlaumu Hammarskjöld kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulishindwa kumlinda Lumumba, na lawama hiyo ilikuwa na msingi. Lakini ilipofika Septemba mwaka huo, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakipigana na jeshi la Katanga. Mapigano yalianza Septemba 13, na Hammarskjöld akaamua kwenda mwenyewe kuonana na Tshombe ili yasimamishwe. Mahali palipochaguliwa ni Ndola.

Usiku wa Septemba 17

Ndege yake, aina ya DC-6B iliyoitwa Albertina, iliondoka Leopoldville alasiri ya Septemba 17 ikiwa na watu 16. Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa imepigwa risasi Elisabethville, ikatengenezwa. Kwa kuogopa ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga Magister, rubani alificha safari yake na kuzunguka mbali upande wa mashariki, hata kufika Ziwa Tanganyika, ndipo akageuka kusini. Baada ya saa sita za usiku aliwaambia watu wa mnara wa Ndola kuwa anaziona taa za uwanja. Hakusikika tena.

Ndege ilianguka msituni, yapata kilomita 15 kutoka uwanjani. Balozi Mkuu wa Uingereza katika Shirikisho, Lord Alport, aliyekuwapo uwanjani usiku huo, alitoa maoni kwamba Katibu Mkuu huenda ameamua kwenda kwingine. Watu wakaenda kulala. Mabaki ya ndege yalitangazwa kupatikana mchana wa siku ya pili, baada ya saa 15 hivi. Mmoja tu alikutwa hai, Harold Julien, mlinzi wa Kimarekani. Aliishi siku chache, akazungumza juu ya mlipuko na cheche angani, kisha akafariki. Maneno yake yalihesabiwa kuwa ni maweweseko ya mgonjwa.

Maneno ya wachoma mkaa

Msitu ule haukuwa mtupu. Ndani yake walikuwamo wachoma mkaa wa Kiafrika, watu ambao kazi yao huwalazimisha kukesha wakilinda tanuri. Baadhi yao walisema waliona ndege zaidi ya moja angani, na wengine walisema waliona mwanga au moto kabla ndege haijaanguka. Wengine walifika kwenye mabaki asubuhi, saa nyingi kabla ya wakubwa. Baadhi ya waliofika mapema walichukua mashine ya kuandikia maneno ya siri iliyokuwa ndani ya ndege. Wakashitakiwa kwa wizi, wakafungwa.

Tume ya Shirikisho ilitoa taarifa yake mapema mwaka 1962, ikasema kosa ni la rubani, kwamba alishuka chini mno. Ushahidi wa Waafrika waliosema habari ya ndege ya pili iliuweka kando. Tume ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa taarifa mwaka huo huo, haikuthubutu kusema hivyo. Ilisema kwamba haiwezi kuthibitisha hujuma, wala haiwezi kuikanusha. Oktoba 1962 Baraza Kuu likapitisha azimio likimtaka Katibu Mkuu alijulishe Baraza ushahidi wowote mpya utakaopatikana. Tunaomba msomaji alikumbuke azimio hilo, maana tutalirudia.

Tujiulize hapa: kwa nini neno la afisa aliyekuwa amelala liwe na uzito kuliko neno la mchoma mkaa aliyekuwa macho? Jibu haliko katika elimu ya sheria. Liko katika utaratibu mzima wa kikoloni, ambao ulimhesabu Mwafrika kuwa mtu wa kuhojiwa na polisi, siyo shahidi wa kusikilizwa.

Watafiti wasio na vyeo

Wa kwanza kukataa alikuwa Bo Virving, fundi mkuu wa kampuni ya Kiswidi ya Transair iliyoiendesha ndege ile. Yeye aliijua Albertina kwa mikono yake. Alikusanya maelezo ya mashahidi, akachora njia ya ndege juu ya karatasi, akafikia imani kwamba ilishambuliwa na ndege nyingine. Hakusikilizwa. Mwanawe aliirithi kazi hiyo.

Mwaka 1992 maofisa wawili waliopata kuuwakilisha Umoja wa Mataifa huko Katanga, Conor Cruise O'Brien na George Ivan Smith, walitoa barua gazetini wakidai kuwa mamluki ndio walioiangusha ndege. Mwaka uliofuata mwanadiplomasia wa Sweden, Bengt Rösiö, alichunguza upya na kurudi kwenye kosa la rubani. Mwaka 1998 Askofu Mkuu Desmond Tutu, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, alionyesha hadharani barua zilizotaja mpango wa kumwondoa Hammarskjöld. Asili ya barua hizo haikuthibitishwa.

Kisha akatokea Göran Björkdahl, Mswidi mfanyakazi wa misaada, ambaye baba yake alikuwa amefanya kazi Zambia na kuhifadhi kipande cha bati la ndege ile. Björkdahl alifanya jambo rahisi ambalo tume kubwa zilishindwa kulifanya vizuri: alikwenda Ndola, akakaa na wazee waliokuwa vijana mwaka 1961, akawauliza na kuyaandika majibu yao. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams alitoa kitabu chake juu ya kifo hicho, akitumia hifadhi za nyaraka za nchi kadhaa. Huyu ni msomi wa kazi yake, lakini hakutumwa na serikali yoyote.

Hoja zinazogombana

Watafiti hawa hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe, na ni vizuri iwe hivyo.

Kwanza, wapo wanaoshikilia ajali. Wanasema marubani walikuwa wamechoka, usiku ulikuwa mzito, uwanja ulikuwa mgeni, na ndege iligusa miti ikiwa katika hali ya kushuka kwa kawaida. Hoja hii haiwezi kudharauliwa. Ndege nyingi zimepotea kwa namna hiyo bila adui yeyote.

Pili, wapo wanaoshikilia shambulio kutoka angani. Hawa wanategemea wachoma mkaa, maneno ya Julien, na maelezo ya Charles Southall, afisa wa zamani wa Marekani, aliyesema kuwa usiku ule akiwa Kupro alisikia sauti iliyonaswa ya rubani akisimulia kuipiga ndege. Wapinzani wao huuliza kama Fouga ingeweza kuruka usiku na kufika Ndola, na kama kumbukumbu ya mtu baada ya miaka mingi inatosha.

Tatu, wapo waliosema ndani ya ndege mlitegwa bomu au abiria walipigwa risasi. Hapa ndipo pa kujifunza adabu ya utafiti. Kweli risasi zilikutwa katika miili ya walinzi wawili. Lakini zilichunguzwa, ikaonekana hazina alama za kupita katika mtutu wa bunduki. Zililipuka kwa moto wa ndege. Swali liliulizwa kwa haki, likapata jibu, na mtafiti mwaminifu hana budi kulipokea jibu hilo hata kama linamnyima hadithi tamu.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni la kusema: fulani alinufaika na kifo, kwa hiyo fulani ameua. Tumeeleza juu jinsi Katanga, makampuni na walowezi walivyokuwa na sababu ya kumchukia Hammarskjöld. Sababu hiyo inatuonyesha mahali pa kutafuta. Haituambii tutakuta nini. Uchambuzi wa kitabaka hauchukui nafasi ya ushahidi. Hutuongoza kwenye ushahidi. Kada anayetangaza hukumu kabla ya kuchunguza anampa beberu silaha, kwa kuwa siku hukumu hiyo ikivunjika, na ukweli uliomo ndani yake hutupwa pamoja nayo.

Kosa la pili ni la watu wanaojiita wenye busara, wasemao: mambo ya zamani yaacheni, hayo ni porojo za wapenda njama. Kauli hiyo husikika sana kwa wale wenye funguo za makabati. Mnyonge hana faili la siri la kuficha. Mwenye faili akikataa kulifungua, hana haki ya kumcheka anayekisia kilichomo.

Mlango ulivyofunguliwa

Baada ya kitabu cha mwaka 2011, wanasheria wanne wenye sifa, akiwamo Jaji Richard Goldstone wa Afrika Kusini, waliunda tume ya kujitolea wakiongozwa na Stephen Sedley wa Uingereza. Mwaka 2013 walisema kuwa ushahidi mpya unatosha kuufanya Umoja wa Mataifa uchunguze tena. Hapo ndipo azimio la mwaka 1962 lilipoonyesha nguvu zake. Neno moja lililoandikwa juu ya ushahidi mpya, likalala miaka hamsini, likawa mlango.

Mwaka 2015 liliundwa jopo la watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania. Baadaye alipewa yeye peke yake jukumu la kuendelea, akatoa taarifa mwaka 2017, 2019, 2022 na 2024. Taarifa ya mwaka 2017 ilisema kuwa yawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu ya ndege kuanguka. Tena ilisema kuwa mzigo sasa umehama: ni wajibu wa nchi wanachama kuonyesha kwamba zimepekua hifadhi zao zote, zikiwamo za idara za usalama. Hadi taarifa ya mwaka 2024, nchi zilizonyoshewa kidole kwa kuzuia habari ni pamoja na Uingereza, Marekani na Afrika Kusini.

Tuangalie safari yenyewe. Mwaka 1962 mchoma mkaa wa Ndola aliambiwa hakuona alichokiona. Mwaka 2015 jaji kutoka Afrika Mashariki aliyapima maneno ya wachoma mkaa hao kwa mizani ile ile iliyotumika kwa maneno ya mabalozi. Kesi haijakwisha. Lakini mizani imesahihishwa, na hilo si jambo dogo.

Fundisho

Jambo kama hili lilitokea pia katika habari ya Lumumba. Mwaka 1999 mtafiti wa Kibelgiji, Ludo De Witte, alichapisha kitabu chake. Bunge la Ubelgiji likalazimika kuunda tume, na mwaka 2001 tume hiyo ikakiri kuwa Ubelgiji ina dhamana ya kimaadili katika mauaji yale. Miaka arobaini ya ukimya ilivunjwa na mtu aliyekaa na nyaraka akazisoma.

Basi tunayo mambo matatu ya kuchukua. La kwanza, maneno ya wananchi yaandikwe mapema, wakiwa hai, kwa lugha yao, pamoja na siku na mahali. Baadhi ya wazee wa Ndola walihojiwa wakiwa karibu na kaburi, na wengine hawakuhojiwa kabisa. La pili, tutenganishe daima kilichoonekana, kilichosikiwa na kinachodhaniwa, wala tusiyachanganye kwa ajili ya kuunogesha mkutano. La tatu, tusimwogope muulizaji asiye na cheo. Fundi wa ndege, mfanyakazi wa misaada na mchoma mkaa wameifikisha kazi hii mahali ambapo serikali hazikutaka ifike.

Wanafunzi wanaosoma makala haya wanao wazee vijijini mwao walioyaona mengi katika miaka ya kupigania uhuru. Wachukue daftari, waende wakawaulize.