Lydia Mendoza na Swali la Mwenye Wimbo

Kuna hoja moja ambayo haiishi katika mijadala yetu ya fasihi simulizi: eti mwimbaji asiyetunga ni kasuku tu, wa kuhakikiwa ni mtunzi. Mimi naipinga, na shahidi wangu ni Lydia Mendoza.

Alizaliwa mwaka 1916 mjini Houston, Texas, katika familia ya Kimeksiko. Shule hakwenda, mama yake, Leonor, ndiye aliyemfundisha kusoma, na gitaa pia. Mwaka 1928 familia nzima ilirekodi nyimbo 20 San Antonio kwa kampuni ya Okeh. Na baada ya kurekodi? Wakaenda Michigan kufanya kibarua katika mashamba ya viazisukari. Ndivyo usanii ulivyolipa!

Waliporudi Texas wakawa wanaimba Plaza del Zacate, uwanja wa San Antonio walikokusanyika wenye malori ya mboga. Hapo mtangazaji Manuel J. Cortez alimsikia Lydia, akampeleka redioni. Mwaka 1934 Bluebird wakamrekodi "Mal Hombre", yaani "Mwanamume Mbaya": sauti moja na gitaa la nyuzi 12, basi. Santuri hiyo ikavuma sana miongoni mwa Wameksiko wa Marekani.

Sasa, maneno hayo hakuyatunga. Aliyapata utotoni, Monterrey, kwenye karatasi ya kufungia chingamu, maana siku hizo karatasi hizo zilichapwa mashairi ya nyimbo. Kasuku, siyo? Hebu tutazame utendaji wenyewe. Nafsineni ni msichana aliyehadaiwa, anamsuta mwanamume asiye na moyo. Karatasini hayo ni maneno ya biashara ya peremende. Yakiimbwa na binti asiyezidi miaka 18, anayejipigia gitaa mwenyewe bila bendi ya wanaume nyuma yake, yanageuka mashtaka. Dhamira haikubadilika hata neno, lakini mwenye kusema amebadilika, na kwangu hilo ndilo kiini cha fani ya fanani.

Halafu kuna suala la lugha, ambalo wahakiki wa maandishi hulipita haraka mno. Shule za Texas enzi hizo ziliwaadhibu watoto kwa kusema Kihispania. Mwanamke huyu, ambaye shule haikumwona, aliimba Kihispania miaka zaidi ya 50, kutoka corrido hadi tango, mbele ya vibarua na wake zao. Wao wakampa jina La Cancionera de los Pobres, mwimbaji wa maskini. Hadhira haimpi kasuku jina la namna hiyo.

Wakubwa walichelewa. Aliimba katika sherehe za kuapishwa Rais Carter mwaka 1977, na Nishani ya Taifa ya Sanaa ilimfikia mwaka 1999. Kiharusi kilikuwa kimekwisha kumnyang'anya gitaa tangu 1988. Alifariki San Antonio mwaka 2007, na mwaka 2013 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake, gitaa mkononi.