Likizo ya Wanachuo wa Yale, 1870

Zamani, elimu ya miamba ilipokuwa ingali changa huko Marekani, wanachuo aghalabu waliisoma ndani ya kuta nne, kwa kutazama vipande vya mawe vilivyopangwa kabatini, na kwenda kuliona jabali lenyewe mahali pake kulihitaji mwalimu mwenye wasaa na mali. Othniel Charles Marsh alikuwa navyo vyote viwili. Mjomba wake, George Peabody, tajiri aliyefanyia biashara yake London, alikuwa amekitunukia chuo cha Yale fedha za kujengea nyumba ya makumbusho, na mwaka 1866 mpwa huyo akafanywa profesa wa elimu ya viumbe vya kale, wa kwanza mwenye cheo hicho katika nchi nzima. Basi reli ilipokwisha kuiunganisha mashariki na magharibi ya Marekani mwaka 1869, Marsh aliona njia imekuwa nyeupe, na mwisho wa Juni 1870 akatoka New Haven na vijana 12, kila mmoja akijigharimia safari yake.

Si vyema kuwavika vijana hao joho la uanazuoni kabla ya wakati wake. George Bird Grinnell, aliyekuwa mmoja wao, alikiri baadaye kwamba, ukimtoa kiongozi, huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja nyingine isipokuwa tamaa ya kuwinda na kukutana na wenyeji wa bara lile, ambao habari zao walikuwa wakizisikia tangu utotoni.

Katika ngome ya McPherson, jimbo la Nebraska, jeshi liliwapa farasi, na askari wa kuwalinda, na magari ya kubeba mizigo, kwa kuwa nchi waliyokuwa wakiiendea ilikuwa ya Wasioux, nao hawakuwa na sababu ya kuwakaribisha wageni wenye bunduki. Siku ya kwanza walifuatana na William Cody, yule mashuhuri kwa lakabu ya Buffalo Bill. Marsh akamweleza njiani jinsi nyika ile kavu ilivyokuwa imefunikwa na maji katika dahari zilizopita, na Cody, ambaye mwenyewe hakuwa mchache wa hadithi, akawaambia askari kwamba leo profesa amewapiga vijana chuku za kupindukia.

Wakapita vilima vya mchanga katika joto la nyuzi 110 za Fahrenheit, hakuna maji wala upepo, mpaka wakafika kwenye makorongo ya mto Loup, ambako wanafunzi walishuka kuchokoa kingo kwa visu na nyundo. Waongozaji wao wawili walikuwa Wapawnee, na mwanzoni hawakutaka kuigusa mifupa ile iliyogeuka mawe, kwa kuwa kwao ilikuwa ni mifupa ya majitu ya kale. Marsh hakubishana nao. Aliokota taya la farasi wa zamani, akalilinganisha na kinywa cha farasi waliyempanda wenyewe, jino kwa jino. Na tangu hapo ilikuwa nadra Wapawnee wale kurudi kambini bila ya kumletea profesa kitu. Kwa rai yangu, hilo ndilo lililokuwa darasa bora la safari nzima, na waliofundishika upesi hawakuwa watu wa Yale.

Kutoka hapo walikwenda Wyoming na Utah, na mjini Salt Lake City Brigham Young, mkuu wa Wamormoni, akamdadisi sana Marsh juu ya farasi hao wa kale, kwani kitabu cha dini yao kinasema Marekani ilikuwa na farasi tangu kale, na watu walikuwa wakikikejeli kwa ajili hiyo. Novemba iliwakuta Kansas, penye miamba ya chaki, na huko Marsh akapata kipande cha mfupa mwembamba ulio wazi ndani, akakisia kwamba ni wa kidole cha mjusi arukaye, ambaye mabawa yake yalitanda kiasi cha futi 20. Mwaka uliofuata alirudi, akapata mifupa mingine, na kisio lake likasimama.

Misafara ya wanafunzi iliendelea hata 1873, kisha Marsh akaiacha, akawaajiri wachimbaji wa mshahara; na hapo ndipo inapodhihiri kwamba shabaha yake hasa ilikuwa kuyajaza makumbusho, ilhali kuwalea wanafunzi lilikuwa jambo la ziada. Hata hivyo ziada hiyo ilimzaa Grinnell, ambaye alipata udaktari wake Yale mwaka 1880, akawatetea nyati wa Yellowstone wasimalizwe, na mwaka 1889 akachapisha kitabu cha masimulizi ya mashujaa wa Wapawnee. Wapawnee wenyewe walikuwa hawako tena Nebraska: kufikia mwaka 1876 walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kusini, katika nchi ambayo leo huitwa Oklahoma.